Muha Hachoki

Asubuhi yangu ya kwanza ya kibarua Dar es Salaam sikuulizwa jina. Tulisimama vijana kama kumi na saba nje ya geti la saiti moja Kigamboni, kila mtu na mfuko wake wa rambo wenye nguo za kazi, na nyapara anapita mbele yetu na swali moja tu: "Kwenu wapi?" Mmoja akajibu Same, akapelekwa kwa mafundi wanaopanga tofali. Mwingine Mtwara, akaambiwa akae pembeni, atahitajika mlinzi wa usiku. Nilipofikiwa nikasema Kasulu. Uso wa nyapara ukachangamka kama mtu aliyeokota noti. "Muha! Njoo huku, baba. Waha ndio watu wa kazi. Muha hachoki." Akanipiga bega, akanipeleka kwenye mikisa ya zege.

Nilifurahi, na sitaki kujifanya nilikuwa mjanja tangu siku hiyo. Ilikuwa 2008, nina miaka 22, nimeshuka treni ya Kigoma siku nne tu zilizopita baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,200, nimelinda dumu la mawese ambalo mama alinipa nimfikishie mjomba, na mjomba simu yake haipatikani. Mjini simjui mtu. Halafu mtu mwenye daftari la mahudhurio ananisifu mbele ya wanaume wenzangu, tena ananisifu pamoja na ukoo wangu wote. Siku ile nilibeba zege kama niliyetumwa na mkoa.

Asiyewahi kubeba zege hudhani ni suala la nguvu. Karai likijazwa lina uzito wa mtoto wa darasa la pili, na unalipandisha begani juu ya mbao zilizolazwa kwenye mirunda, mbao zinacheza, mbele yako kuna mtu na nyuma yako kuna mtu, ukisimama umewasimamisha wote. Siku ya kumwaga slabu hakuna kupumzika. Zege halilali, mkiliacha katikati, la leo na la kesho havishikani, na ufa utatokea hapo hapo. Maji ya saruji yanatoka kwenye karai yanateremka shingoni hadi mgongoni, na jioni ngozi inababuka kama uliyemwagiwa chai ya moto. Kwa hayo nililipwa shilingi 5,000 kwa siku, mchana mama ntilie akichukua chake cha wali maharage.

Yule kijana wa Same tulianza naye siku moja, saa moja. Yeye alianza kwa kushika ncha ya uzi. Wiki nzima ndiyo kazi yake: fundi anashika upande huu, yeye upande ule. Wiki ya pili akapewa pima maji. Mwezi wa tatu wakamwachia apange kozi mbili kwenye ukuta wa choo cha nyuma, mahali ambapo hata zikipinda hakuna mgeni atakayeziona. Ilipofika miezi minane alikuwa na mwiko wake mwenyewe na timazi yake mwenyewe, analipwa 12,000, anaitwa fundi.

Mimi nilikuwa bado Muha.

Siku moja ya malipo nikajikaza. "Bosi, naomba na mimi niingie kwenye lipu, nijifunze." Hakukasirika, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba hakukasirika hata chembe. Alicheka vizuri kabisa, akanishika mkono. "Sikiliza, baba. Nikikutoa wewe kwenye zege nimweke nani? Hawa wa pwani hawa? Ninyi ndio nguzo yangu." Foleni nzima ikaitikia, "Kweli, Waha ni balaa." Nikaondoka na hela yangu, nimeshiba sifa. Usiku nimelala geto nikawa najiuliza kama nimepewa kitu au nimenyimwa. Angeniambia Waha ni wajinga, ufundi hawauwezi, ningejua la kufanya: ningegombana naye au ningehama. Sasa mtu anakunyima huku anakushukuru, utamjibu nini?

Na wale "wa pwani" walikuwepo pale pale. Mmoja alikuwa wa Rufiji, tumebeba naye karai moja baada ya jingine tangu asubuhi, na mgongo wake umebabuka kama wangu. Alisikia kila neno. Hakusema kitu, alipokea hela yake akahesabu mara mbili. Sikumfikiria siku ile. Nilikuja kumfikiria baadaye sana, kwamba ile sifa yangu aliilipia yeye.

Jambo hili lilinirudisha kwa babu, baba yake baba, ambaye ujanani alikuwa manamba. Sisi wajukuu tulikua tukiitazama mikono yake: kiganja cha kushoto kilikuwa na makovu madogo meusi, ya duara, kama mtu aliyezimiwa sigara. Ni miba ya mkonge. Kila jani lina mwiba nchani, mgumu kama sindano ya kushonea magunia, na mkataji anaukata kwanza kabla ya kulishika jani. Ukiharakisha unakosea. Babu aliharakisha miaka miwili.

Aliandikishwa 1951. Wenye mashamba ya mkonge walikuwa na chombo chao cha kutafuta watu, SILABU, kilichoanzishwa 1944, kikichota vijana kutoka mbali: Kigoma, Songea, hata ng'ambo ya mpaka kule Ruanda-Urundi. Babu alipanda treni Kigoma hadi Morogoro, kisha lori hadi Korogwe, kwa sababu reli ya kati na ya Tanga zilikuwa bado hazijakutana. Kiungo cha Ruvu hadi Mnyusi kilikuja 1963. Akapewa namba, ndiko neno manamba lilikotoka, na akapewa kipande, kadi yenye siku 30. Kadi iliisha ulipotimiza siku 30 za kazi, si mwezi ulipokwisha. Ukiugua, haihesabiwi. Usipomaliza kiasi ulichopangiwa, haihesabiwi. Kambini walipangwa kwa makabila, huku Waha, kule Wangoni, kule Wanyamwezi, na kila safu ilikuwa na sifa yake kwa msimamizi: hawa wa kukata, hawa wa kwenye korona, yaani mashine ya kusindika mkonge, hawa wa palizi.

Babu aliisimulia hiyo kwa fahari. "Mzungu akifika asubuhi anauliza, Waha wako wangapi leo? Akiambiwa wamo wengi, anatabasamu." Na yeye babu alikuwa anatabasamu anaposimulia, meno yamebaki matatu.

Nilikuwa mtu mzima nilipoanza kujiuliza kwa nini Waha. Babu aliamini ni damu. Lakini ukiangalia, reli ilifika Kigoma 1914, na tangu hapo hadi uhuru kilichosafirishwa kwa wingi kutoka kwetu kilikuwa ni wanaume. Kilimanjaro na Bukoba walikuwa na kahawa. Kwetu kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu, na cha kuuza kikawa mgongo. Miaka ya 1930, kwa sababu ya malale, watu wakahamishwa kutoka makazi yao na kukusanywa sehemu moja, mashamba yakabaki pori. Sasa mchukue kijana aliyeacha mke na deni la kodi huko nyuma, hana nauli ya kurudi mpaka kadi zitimie, mpeleke Korogwe. Atakata mkonge kama mwendawazimu. Mbondei mwenye shamba lake la mihogo mwendo wa saa moja kwa mguu, akichoka anakwenda nyumbani kula. Huyo akaitwa mvivu. Babu akaitwa hodari. Kumbe uliokuwa unachapa kazi ni umbali.

Sikuwahi kumwambia babu hayo. Alikuwa ameshafariki, na hata angekuwepo sidhani kama ningeweza. Ile sifa ndiyo mali pekee aliyorudi nayo kutoka Tanga, ukiacha blanketi.

Nilijinasua kwenye zege kwa uongo. Saiti iliyofuata, Mbezi, nilipoulizwa kwenu wapi nikajibu Same. Same sijawahi kufika mpaka leo, nimeipita kwenye basi tu, usiku. Nikapelekwa kwa wafunga nondo kama saidia fundi, na ndani ya mwaka nikawa fundi. Tatizo lilikuja siku fundi mmoja Mpare aliponisalimia kwa lugha yao. Nikasema mimi nimekulia mjini, mzee, lugha ilinipita. Akanitazama kwa huruma, akawaambia wenzake vijana wa siku hizi wamepotea. Nilijifunza kazi kwa jina la wilaya ya watu. Huwa nacheka nikikumbuka, ila sicheki sana.

Halafu kuna upande wa pili wa neno Kasulu. Miaka michache baadaye nilihitaji karatasi fulani katika ofisi moja ya umma. Niiache bila jina. Swali likawa lile lile, kwenu wapi, na safari hii halikuleta bega kupigwa. Babu alizaliwa kijiji gani? Bibi je? Mna ndugu ng'ambo? Sema kitu kwa Kiha. Nikasema. "Mbona hiki ni Kirundi?" Kiha na Kirundi vinasikilizana, ndugu yangu, watu walikuwa wanaongea kabla Wazungu hawajachora mpaka. Lakini huyo si mtu wa kumwambia hivyo ukiwa upande huu wa dirisha. Nilitumwa nyumbani kutafuta barua mara tatu. Siku waliponipa, yule mtumishi akaona nimenuna, akanifariji kwa moyo mweupe kabisa: "Lakini ninyi watu wa huko nawakubali, mnachapa kazi."

Hapo nilizikutanisha kichwani sentensi mbili ambazo sikuwahi kuziweka pamoja. Aliyenipokea getini Kigamboni na huyu wa dirishani walitumia kipimo kimoja. Wa kwanza alinitia kwenye fungu la wema, wa pili kwenye fungu la mashaka, na wote wawili hawakuhitaji kunitazama. Fungu nililosifiwa nalo ndilo nililoshukiwa nalo.

Naomba nisieleweke vibaya. Tusi na sifa havina uzito mmoja. Mimi kuitwa hodari na mwenzangu kuitwa mwizi si sawasawa. Yeye anaweza kupigwa mtaani, mimi nitapewa karai. Na ile sifa ilinilisha. Bila "Muha hachoki" labda nisingepata kazi siku ile, na dumu la mawese ningeliuza. Ndiyo maana ni vigumu kuilalamikia, unakuwa kama mtu anayekula halafu anatukana sahani.

Lililonifungua macho kabisa lilikuwa la 2013. Nilikuwa nafunga nondo kwenye makaravati ya barabara moja, mkandarasi mgeni, na taifa la msimamizi wetu silitaji, maana nitatumbukia kwenye shimo lile lile ninalolieleza. Ilikuwa Februari, jua la kuchoma. Nondo ya milimita 16 ikikaa juani kwa muda wa saa tatu huishiki bila glavu. Wao wageni walikuwa na turubai la kivuli na dumu la maji baridi. Tukamtuma mkalimani aombe turubai na kwetu. Jibu lilirudi na tabasamu: Waafrika ni watu imara, ngozi yenu imeumbiwa jua, sisi ndio dhaifu, hatuwezi kama ninyi.

Hapakuwa na tusi hata moja mle. Kajiita yeye dhaifu, katuita sisi imara. Na hakuna hata mmoja wetu aliyechanganyikiwa. Kabla mkalimani hajafunga mdomo watu walishasema, "Mbaguzi huyu." Wafunga nondo, wapiga mbao, dereva wa greda, wote. Saa nane kijana mmoja akaanguka karibu na mashine, tukamvutia chini ya lori, tukammwagia maji, akarudi. Jioni kwenye gari hasira ilikuwa haijapoa. Aliyefoka kuliko wote alikuwa nyapara wetu, Mtanzania mwenzetu, ambaye kila wiki aliwapeleka vijana wa Dodoma kuchimba mitaro kwenye jua kali kwa maelezo kwamba Wagogo wamezoea ukame, hawasikii kiu.

Nilimtazama yule mzee akifoka, nikataka kusema, nikanyamaza. Angeniambia kile ni kitu kingine, kile ni sifa. Kisha nyumba yangu haijaisha kujengwa na kazi yake bado naitaka.

Nyumbani mazungumzo haya yalipata mwenyewe. Mke wangu ni Mhehe, wa Kilolo, na ni mwalimu wa shule ya msingi. Tangu tuoane simu yake haipiti miezi miwili bila mtu kumpigia, rafiki, mzazi wa mwanafunzi, mtu wa kanisani: "Mwalimu, nitafutie binti wa kazi huko kwenu Iringa. Wa Iringa ni wachapakazi, wana heshima, halafu hawana maneno." Yeye huwajibu kwa upole. Siku moja alipokata simu akaniambia, "Umesikia walivyopanga? Wachapakazi, wana heshima, hawana maneno. Hilo la mwisho ndilo wanalolitafuta, mengine ni sukari." Hawana maneno, yaani mshahara ukichelewa hawaulizi. Akiamshwa saa kumi na moja kuchemsha maji ya watoto, halali mpaka sahani za usiku zimeoshwa, hana maneno. Halafu binti mwenye maneno akitokea, na hutokea, maana Iringa kuna watu wa kila aina kama kwingine, anaambiwa amebadilika, mji umemharibu. Mke wangu mwenyewe ana maneno kuliko redio. Simsemi kwa ubaya.

Nilimwuliza, je, si ni utani tu? Watanzania tumekaa kwa kutaniana kwa makabila na hatujachinjana. Hili ndilo jibu ambalo ningepewa kokote, na kwa muda nililiamini. Yeye ndiye aliyenirudisha kwenye msiba wa baba yake. Wahehe na Wangoni ni watani, walipigana vita vikali karne ya 19 na baadaye wakageuza vita kuwa kejeli. Siku ya mazishi wakaja Wangoni wawili wa mjini Iringa, mmoja amevaa koti la marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu. Mwingine akashuka kaburini akalala chali, akasema hatoki mpaka alipwe, Wahehe wametuua sana, leo mmoja anakwenda na shimo nalitaka. Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku machozi yanatoka. Wakachanga, akatoka, akapiga koleo la kwanza la udongo yeye mwenyewe. Usiku walilala pale pale matangani, wakapika.

"Ule ndio utani," mke wangu akasema. "Yeye ananitukana, na mimi kesho nitakwenda kwao kumtukana, na hakuna anayenilipa mshahara kati yetu. Wewe ulishawahi kumwambia nyapara wako Wa-nini-sijui hawachoki, akabeba karai?"

Sikuwahi.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa mtu aliyeonewa. Lakini mwaka 2021 nilikuwa nimeshasimama mwenyewe. Si kampuni kubwa, ni fundi mkuu mwenye vijana kumi na mbili, mikisa moja ya mitumba na pikapu ya kukodi. Nilipata kazi ya nyumba ya ghorofa moja huko Goba. Nikahitaji mtu wa stoo: kupokea saruji, nondo, misumari, kuandika kilichoingia na kilichotoka. Walikuja vijana watatu. Mmoja alikuwa wa Rombo. Nadhani unaona tunakokwenda. Nikamwambia, "Wewe dogo Mchaga, hela unaijua, chukua daftari." Akatabasamu, kama mimi nilivyotabasamu Kigamboni. Yule wa Lindi nikamwambia atalala saitini alinde.

Wiki ya sita mifuko ya saruji haikukutana. Daftari linasema imeingia 180, imetoka 131, ghalani kuna 22. Hesabu niliyoijua ni moja, na mtaa mzima ungenisaidia kuijua: Mchaga na hela, kaiba. Sifa niliyompa mimi mwenyewe ilikuwa na makali nyuma, sikuhitaji hata kutafuta kisu kingine. Nikamwita, nikafunga mlango wa stoo, nikaanza kumfokea. Hakujitetea. Nikachukua daftari nimwoneshe wizi wake, nikalipitia mstari kwa mstari, na nilipofika ukurasa wa nne nikanyamaza. Mifuko iliyotoka asubuhi na ikarudi jioni haikutumika, alikuwa ameijumlisha mahali pa kuitoa. Kuna mahali aliandika 9 badala ya 19. Kuna siku mbili hazina kitu kabisa, ameandika tarehe tu, na karatasi imechimbika kwa kufutwa futwa. Mtu anayeiba huandika vizuri.

"Umesoma mpaka wapi?" nikamwuliza.

"La saba, kaka. Sikufaulu. Hesabu ndiyo ilinishinda."

"Sasa mbona ulikubali stoo?"

Akawa anatazama sakafu. "Hukuniuliza, kaka. Uliniuliza kwetu wapi tu."

Baadaye akaniambia alikuja kwa sababu alisikia tutafanya umeme wa nyumba, alitaka kujifunza kuvuta waya. Kwao walikuwa watoto saba na kihamba kidogo cha migomba, kaka mkubwa ndiye aliyesomeshwa. Unasikia Wachaga hivi, Wachaga vile, na kweli kuna sababu za kale kwa nini wengi walitangulia: wamisheni waliofika mapema na shule zao, kahawa, chama cha ushirika cha KNCU tangu 1933 kikiwauzia wakulima kahawa yao na karo ikipatikana. Lakini ile kahawa haikugawiwa kwa kila paa, na kwa hakika haikuingia kwenye kichwa cha yule dogo ikageuka kuwa hesabu za kutoa na kujumlisha. Nilimdai arithi kitu ambacho kwao hakikufika.

Mwaka huo huo kulikuwa na semina ya wakandarasi wadogo na mtoa mada mmoja akatusomea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inayokataza ubaguzi kazini kwa misingi ya rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anakotoka na mengine mengi. Wenzangu walikuwa wanasinzia, chakula kilikuwa kimeshaliwa. Mimi nilisikiliza kama ninayetafuta jina langu kwenye matokeo. Hakuna mahali kifungu kilisema lazima uwe umemtukana mtu. Kumpangia mtu kazi kwa kabila lake, hata ukimpangia huku unampigia makofi, kumo. Kwa hiyo ukiniuliza mimi kama sifa za kabila ni ubaguzi, najibu ndiyo, na najibu nikiwa nimekaa pande zote mbili za meza. Yule nyapara wa Kigamboni sitamwita mtu mbaya. Alinipa maji yake ya kunywa mara nyingi. Lakini miezi minane yangu aliila, na aliila kwa kunisifu, kama mimi nilivyomla yule dogo wiki sita.

Nilimpeleka kwa fundi umeme. Yule wa Lindi nilimwuliza, kwa kuchelewa, akasema alishawahi kupiga lipu miaka minne Masasi. Miaka minne, na mimi nimemlaza na kirungu akilinda mchanga.

Siku hizi getini nimebadilisha swali, au najaribu. Juzi nina zege la slabu, mikisa imeshawashwa, nimepungukiwa watu wawili. Akaja kijana mwembamba, viatu vimeshonwa kwa waya. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Shikamoo bosi. Mimi wa Kibondo. Mimi Muha bosi, sichoki."

Nikamjibu, "Mwakeye." Akashtuka, akacheka mpaka jino la pembeni likaonekana, akanijibu kwa Kiha, harakaharaka, maneno mengi. Nikamwacha amalize. Nyuma yangu zege linazunguka, vijana wananiita, fundi anapiga kelele kwamba linakauka.

"Unajua kufanya nini?" nikamwuliza.

"Kazi yoyote bosi. Sisi Waha..."

"Wewe. Unajua kufanya nini?"

Akaacha kucheka. Akageuza mikono yake, akavitazama viganja.